Sketi ya Nusu Maili

Fundi cherehani humfichi mwili wako. Daktari unaweza kumficha, ukavuta tumbo ndani naye akakuamini. Lakini fundi ana tepu, na tepu haina adabu. Kwa hiyo siku ile mwishoni mwa mwaka wa 1968, mume wangu Machogu aliponisimamisha katikati ya chumba anipime gauni jipya la kanisani, nilijua mambo yangu yamefichuka. Alizungusha tepu kiunoni mwangu. Akaizungusha tena.

"Tepu hii imezeeka," akasema. "Naona inazidi kuwa fupi."

Nilimpokonya nikaitupa nje, kuku wakatawanyika. Nikamwita majina ambayo mke hamwiti mumewe, tena mke wa Kisabato, tena Ijumaa jioni jua likikaribia kuzama na Sabato kuingia. Halafu nikaketi kitandani nikalia. Machogu akaketi kando yangu. Hakunibembeleza, maana anajua nikibembelezwa ndipo ninapozidi. Wote wawili tulijua kwamba sikuwa nalilia gauni.

Tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza wakati wa kuvuna wimbi. Alizaliwa, akakaa nasi wiki chache, akaenda. Tangu siku ile mimi nilikuwa nimekaa. Sina neno jingine la kusema. Nilikaa jikoni, nilikaa mlangoni, nilikaa kanisani, na kila nilipokaa nilikula: ndizi za kuchemsha, ugali wa wimbi, chochote kilichobaki chunguni. Mama mkwe wangu, Drusilla, ambaye sijawahi kusikia ubaya ukitoka kinywani mwake, alinipakulia kwa mikono miwili. Aliamini kwamba mwili ukijaa, tumbo nalo litaikumbuka kazi yake. Majirani wakanisifu kwamba nimenawiri. Kunawiri gani? Nikipanda kutoka mtoni na debe la maji kichwani nilipumua kama ng'ombe mwenye ndigana.

"Kuna msichana nilimwona Nyamarambe zamani," Machogu akasema baada ya machozi yangu kukauka. "Nilikuwa nimepeleka kaptura za shule. Alikimbia nusu maili, wenzake wakabaki nyuma wakiuliza amepitia wapi. Unajua alipo? Namtafuta."

"Alikufa," nikamwambia.

"Miguu yake haikufa. Naiona hapo chini."

Msichana huyo alikuwa mimi, bila shaka. Mwaka ule nilichaguliwa kwenda Kisumu kushindana na wasichana wa jimbo zima. Juma lilelile ng'ombe wa mahari wakaingia kwa baba yangu, na badala ya kwenda Kisumu nikaja Kiogoro kuwa mke wa fundi. Sikumlaumu mtu. Lakini Kisumu ilinibakia moyoni kama mwiba uliokatikia ndani.

Sasa redio zote zilikuwa zikiimba habari za wanariadha wetu waliorudi na medali kutoka Mexico, na wanaume waliozoea kuhema wakivuka barabara walikuwa wakibishana kuhusu mbio. Machogu naye alipata wazimu wake. Agosti ijayo kutakuwa na mashindano ya wilaya mjini Kisii, akasema, na wanawake wawili wa kwanza katika nusu maili watapelekwa Kisumu. "Ukitaka kukimbia, Tryphosa, mimi nitakuwa mbele yako kila asubuhi. Usipotaka, nitaongeza kitambaa kwenye gauni na tutanyamaza."

Nilitaka. Nasema wazi, nilitaka Kisumu kuliko nilivyotaka gauni lolote. Mwili wangu ulikuwa umenishinda katika jambo kubwa kuliko yote, na nilitaka kuona kama bado unaweza kunitii katika jambo moja.

Ila palikuwa na baba mkwe.

Mzee Nyamweya alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mkulima wa chai, mtu wa kofia na fimbo. Nyumba yake ilikuwa juu, karibu na barabara, yetu chini karibu na migomba. Hakuwa mkali. Shida haikuwa ukali, shida ilikuwa chinsoni. Sisi Abagusii tuna haya kati ya mzee na mke wa mwanawe, na haya hiyo ina sheria zake. Hanipi mkono. Haingii nyumbani kwangu. Akitaka kuniambia jambo humwambia Drusilla aniambie, hata kama nimesimama palepale. Na mwili wangu, kutoka goti kwenda juu, asiuone kabisa. Akiuona, ni aibu yake na yangu, na lazima isafishwe. Waswahili wana methali yao kwamba mficha uchi hazai. Waswahili hawana chinsoni.

Machogu akapata dawa. Alinishonea kaptura ya kaki kutokana na mabaki ya sare za shule, nikaivaa ndani, nikafunga leso juu yake. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini mjini, kwenye baraza ya duka la Salat alikoweka cherehani yake, angetangulia na baiskeli nami ningemfuata. Barabara ikiwa tupu ningeikunja leso kiunoni nikimbie na kaptura. Akiona mtu mbele, angepiga kengele, nami ningeishusha leso nitembee kama mwanamke anayeenda kutafuta kuni.

Tukaanza Januari. Asubuhi ya kwanza sikufika hata kwenye daraja. Nilishikilia mti wa jirani nikatapika, na Machogu akashuka kwenye baiskeli, akatoa mfukoni kitambaa chekundu, akakifunga kwenye ua mahali niliposimama.

"Cha nini?"

"Ili kesho tujue ulipofika leo."

Basi ikawa hivyo. Mafundi hawakosi vipande. Kila nilipopita kitambaa cha mwisho, hata kwa hatua chache tu, alifunga kingine: cha bluu, cha maua, cha njano, kipande cha suti ya karani fulani. Vitambaa vikateremka mpaka mtoni, vikavuka, vikaanza kupanda kilima cha upande wa pili. Jirani mmoja aliogopa kupita hapo akidhani ni dawa ya mtu, na Machogu ikambidi aende kumweleza mbele ya wazee kwamba huo si uchawi, ni mke wake. Sijui kama yule jirani aliona tofauti.

Wengine walisema fundi amechoshwa na mke, sasa anamtoroka na baiskeli na mke anamkimbiza. Wanawake wa kisimani wakanionya kwamba mbio zitanikausha tumbo. Hilo liliniuma, maana usiku nililiwaza mwenyewe. Nilipomwambia Machogu alisema, "Ulipokuwa umekaa, kulikuwa na nini tumboni? Kimbia." Hakuwa na maneno matamu, huyo mwanamume. Lakini baiskeli ilikuwa mlangoni kila siku kabla sijafungua macho, na uji ulikuwa jikoni, umepikwa naye, una madonge.

Masika yakaja. Aprili hiyo mke wa jirani alijifungua, nami nikaenda kumwona mtoto kama desturi ilivyo. Nikampakata. Alikuwa mzito, ana nywele nyingi, akanishika kidole. Nikarudi nyumbani, nikaingia kitandani, na asubuhi Machogu alipogonga ukingo wa kitanda nilimwambia aende zake. Siku ya pili nikamwambia hivyo hivyo. Siku ya tatu sikumjibu kabisa.

Alisimama pale kidogo. Kisha nikasikia anavua suruali yake ya kazini, nikasikia mlango. Sikusikia baiskeli.

Mvua ilikuwa ikinyesha ile ya kuchapa mabati. Nilikaa nikisikiliza, hasira ikaanza kunitoka, wasiwasi ukaingia. Hatimaye mlango ukafunguliwa. Machogu alikuwa amevaa kaptura yangu ya kaki. Alikuwa na matope mpaka masikioni, goti linatoka damu, na anapumua kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa binadamu.

"Nimefika," akasema, akakaa sakafuni. "Nimefika kitambaa cha njano."

Kitambaa cha njano! Kitambaa cha njano kilikuwa hata mtoni hakijafika. Mimi nilikipita zamani, nikiwa bado mnene, nikiwa natapika. Nilimtazama mume wangu, mwembamba kama sindano zake, ameketi kwenye dimbwi la maji na kaptura ya mke wake, na kitu kikapasuka ndani yangu. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na naye akacheka, na katikati ya kicheko nikagundua kwamba sikuwa nimecheka tangu tumzike mtoto. Juma zima miguu ilimuuma hivi kwamba hakuweza kukanyaga pedali ya cherehani, na Salat akamuuliza kama ameanguka mtini. Mimi asubuhi iliyofuata nilikuwa mlangoni kabla yake.

Kuanzia hapo sikusimama tena. Mwili ukaanza kuondoka polepole, kwanza usoni, halafu mikononi. Gauni la kanisani likahitaji kupunguzwa na Machogu akapunguza bila kusema neno, ila alikuwa akipiga mluzi. Vitambaa vikafika kileleni mwa kilima. Hapo kwenye kilima Machogu alizoea kushuka na kusukuma baiskeli, na hapo ndipo siku zote nilipomkaribia. Nikaanza kumtania nikiwa nyuma yake: sukuma, fundi, sukuma.

Asubuhi moja ya Julai nikampita.

Ukungu ulikuwa mzito. Nilimsikia akihema kando yangu, halafu nikamsikia nyuma, halafu sikumsikia. Furaha iliyonipata siwezi kuieleza. Miguu ilikuwa inaniita mbele, na kilima, kilima kile kilichoniua Februari, kilikuwa kinapita chini yangu. Nilipaswa kusimama nimngoje. Kengele ilikuwa kwake. Lakini nani ambaye amefunguliwa kamba husimama ili afungwe tena? Nilifika kileleni na leso imekunjwa kiunoni, nikakata kona kwenye shamba la chai, na mbele yangu, karibu nimguse, akasimama Mzee Nyamweya.

Tulitazamana. Kisha mzee wa kanisa, mwenye kofia na fimbo, akajitupa ndani ya majani chai. Mimi nikajitupa kwenye mtaro wa upande wa pili. Kofia yake ikabaki peke yake barabarani.

Tukalala hivyo, kila mtu mafichoni kwake, kimya. Halafu kengele ikaanza kulia huko chini, tingiringiri, tingiringiri, Machogu akipanda taratibu, akinionya endapo kuna mtu mbele. Maji yalikwisha mwagika.

Akatokea kwenye ukungu, akaiona kofia ya baba yake, akasimama.

"Tryphosa?"

"Nyamaza," nikamwambia kutoka mtaroni. "Mzee yuko kwenye chai."

Kisha sauti ikatoka kwenye chai, ya upole, yenye heshima zake zote. "Machogu. Mwambie huyo mtu aliye mtaroni aende nyumbani. Akishafika, mimi nitatoka."

Siku zilizofuata chakula nilichompikia mzee kilirudi kama kilivyokwenda. Drusilla alikuja na sahani mikononi, macho chini. Mzee anasema jambo hili lazima lisafishwe, akaniambia, na anasema mbio ziishe. Alinishika bega. "Mwanangu, mimi naona umepona. Lakini haya ni haya."

Mashindano yalikuwa yamebaki wiki chache. Nilihisi Kisumu inaondoka mara ya pili, na safari hii miguu yangu mwenyewe ndiyo iliyoifukuza.

Machogu akaenda kwa baba yake jioni hiyo, nami nikamfuata nikasimama nyuma ya jiko la Drusilla. Najua si adabu. Nilisimama.

"Tata," nilimsikia akisema, "makosa ni yangu. Kengele ilikuwa kwangu."

"Kengele!" mzee akasema. "Umri huu wangu nimelala kwenye chai kama mwizi, na wewe unaniambia kengele."

"Mbuzi wa kusafisha nitaleta. Lakini nina swali. Tulipomzika mtoto, mke wangu alikaa chini. Mama alimpikia, hakuinuka. Wewe ulimwombea kanisani, Tata, hakuinuka. Mimi nilimshonea nguo, hakuinuka. Kilichomwinua ni hiyo barabara. Ukimwambia akae tena, nani atamwinua mara ya pili? Mimi sina kingine. Nimemaliza."

Sauti ya Machogu ilikatika hapo mwisho. Sikuwahi kujua kwamba na yeye alikuwa ameogopa kiasi hicho. Niliuma ukingo wa leso yangu nisilie kwa sauti.

Nikasikia fimbo ya mzee ikichora chini.

"Sikatazi miguu," akasema mwishowe. "Nakataza kuonekana. Akikimbia, akimbie amevaa kama mke wa mtu, nguo ifunike goti na zaidi ya goti. Na hizo mbio zenyewe zinaanza saa ngapi?"

"Saa tisa, Jumapili."

"Basi Jumapili saa tisa mimi nitakuwa nimetazama mahali pengine."

Mbuzi alichinjwa. Kwa kuwa sisi ni Wasabato tuliosoma, tulisema ni kitoweo tu.

Machogu alinishonea sketi nyeusi iliyofika chini kabisa ya goti, nzuri, imeanguka vizuri, na kiunoni akaweka kifungo kimoja tu, kikubwa kama cha koti. Nikamuuliza kwa nini kimoja. Akasema ndiyo fasheni. Nilikimbia nayo nyuma ya migomba. Ilinishika mapaja kila hatua, kama mtoto anayekataa uende sokoni. Ndani nilivaa kaptura ya kaki, kwa mazoea.

Jumapili hiyo uwanja wa Kisii ulijaa. Jumapili ilitufaa sisi. Waliolalamika ni Wakatoliki. Tuliondoka nyumbani mapema na Machogu, mimi nimekaa nyuma ya baiskeli kama bibi harusi. Mzee na Drusilla hatukuwaona, na hatukushangaa.

Mwalimu Thadeus, aliyekuwa akigawa nambari, alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye sketi. "Mama, hizi mbio ni za wasichana. Wazazi wana zao za kukimbia na ndoo ya maji, hizo za kuchekesha watu."

"Mwalimu," nikamwambia, "mimi mtoto wangu nilimzika. Nipe nambari."

Akanipa. Alinifungia pini mwenyewe mgongoni, taratibu.

Tulijipanga kwenye mstari wa chokaa, wote miguu mitupu. Kando yangu alisimama msichana anayeitwa Nyamusi, kutoka shule ya Nyamarambe, shule yangu ileile, miguu kama ya korongo, amevaa kaptura. Alinipa tabasamu la huruma. Nusu maili ilikuwa mizunguko miwili ya uwanja. Bastola ikalia.

Nilikuwa na nguvu, hilo nilijua tangu mwanzo. Pumzi ilikuwepo, kilima cha Kiogoro kilikuwa kimenipa. Lakini sketi! Kila nilipotaka kufungua hatua, ilinifunga. Wasichana wakapita mmoja mmoja, migongo yao ikaniacha. Tulipoanza kuukaribia mwisho wa mzunguko wa kwanza nilikuwa wa mwisho, na kicheko kikaanza kwenye nyasi upande wa vijana. "Huyo mama anaenda kuteka maji!" mmoja akapiga kelele. Nikaona Kisumu inafungwa kama mlango. Nilikuwa nalia na kukimbia pamoja, na naapa hapo nilikuwa karibu kutoka nje ya mstari nikae kwenye nyasi. Kukaa nilikujua vizuri.

Ndipo nikafika kwenye kona ya mikaratusi.

Watu wote wa kona hiyo walikuwa wametazama uwanja, nyuso mia na zaidi zimenielekea. Isipokuwa mtu mmoja. Katikati yao alisimama mtu mrefu mwenye kofia na fimbo, na alikuwa amenipa mgongo. Alikuwa ametazama ua wa miti, uso karibu uguse gome, amesimama wima kama mtu aliye kanisani. Kando yake Drusilla alikuwa ametazama mbio, mkono umeshika mkono wake, anamwambia sikioni yanayotokea.

"Minyoka!" mzee alikuwa akiipigia miti kelele. "Minyoka! Mbona wamwache? Minyoka!"

Minyoka ni kimbia, kwa lugha yetu. Katika maisha yangu yote pale nyumbani hakuwahi kunisemesha neno moja bila kupitia kwa mtu. Sasa alikuwa akiniambia kimbia, mbele ya wilaya nzima, akiwa amegeukia mkaratusi.

Nikaelewa. Alisema atakuwa ametazama mahali pengine, na hapo ndipo mahali penyewe. Alikuwa ametembea kutoka Kiogoro hadi mjini, na miguu yake ile ya uzee, ili aje asinione.

Mkono wangu ukaenda kiunoni. Kifungo kimoja tu. Kilifunguka kama kilivyoshonwa kifunguke, na sketi ya Machogu ikaanguka kwenye nyasi, nami nikairuka. Uwanja mzima ukapiga uyowe. Nilimwona Machogu akivuka kamba, anainama, anaiokota, anaikumbatia. Halafu sikuona tena kitu isipokuwa migongo.

Nilikimbia. Mungu wangu, nilikimbia. Miguu yangu ilikuwa yangu. Nilimpita aliyekuwa mbele yangu na aliyemtangulia kabla ya kona iliyofuata, nikawapita wawili pamoja upande wa mbali wa uwanja, nikapumua kama nilivyopumua kileleni kwenye ukungu. Walioniita mteka maji walikuwa wamesimama sasa. Nilipopita tena mikaratusi nilisikia fimbo ya mzee ikipiga shina la mti, pa, pa, pa, na sauti ya Drusilla, mwanamke mpole yule, ikipasuka: "Wa tatu! Ni wa tatu!"

Mbele alikuwa Nyamusi, na nyuma yake msichana mmoja wa Suneka mwenye nywele zilizosukwa. Nyamusi sikumfikia; miguu ya korongo ni miguu ya korongo. Yule wa Suneka nilimfikia kwenye mita za mwisho, tukaenda bega kwa bega, namsikia anaugua, nami naugua, na nilirusha kifua mbele nikaanguka na uso kwenye chokaa.

Nilipoinua kichwa Machogu alikuwa amepiga magoti. Alikuwa analia waziwazi, bila aibu ya fundi wala ya mwanamume. "Wa pili," akasema. "Tryphosa, wa pili." Akanivisha sketi palepale nikiwa nimekaa, akafunga kifungo, akanipangusa chokaa puani kwa mkono wa shati lake jipya. Nikamuuliza, "Fasheni, eh?" Alikuwa anatafuta kitambaa cha kufutia machozi.

Tukaenda mpaka kwenye kona. Watu walikuwa wameanza kuondoka, lakini mzee alikuwa bado amesimama vilevile, ameutazama mti. Machogu akamgusa begani. "Tata, sasa geuka. Amevaa."

Akageuka. Alitazama miguu yangu tu, ile sehemu ya chini, yenye chokaa na nyasi. Nilisimama mbele yake hatua chache.

"Drusilla," akasema, "muulize huyo mtu amekuwa wa ngapi."

Kana kwamba hakumsikia Drusilla akipiga kelele mpaka sauti imemkauka.

"Mwambie wa pili," nikasema.

Akatikisa kichwa akikubali. Akaivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Basi mwambie Machogu," akasema, "Kisumu kuna joto sana. Asimbebeshe mtoto wangu ile sketi."

Alisema mtoto wangu. Drusilla alifungua kinywa ayapitishe maneno, lakini akaona kwamba nimekwisha kuyasikia.

Kisumu nilikwenda, nikaliona ziwa, nikawa wa sita, na siku hiyo sikuvaa sketi. Baadaye tulipata watoto wanne, na tumbo langu halikukauka, nawaambia wanawake wa kisimani. Kaptura ya kaki bado iko sandukuni.

Lakini nataka niseme kuhusu mzee. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na wageni walipokuja aliwasimulia mbio zile zote: nilivyoachwa, nilivyowapita wale wawili, jinsi yule wa Suneka alivyougua mwishoni. Alipiga fimbo chini kuwaonyesha mwendo wa miguu yangu, na mwendo ulikuwa uleule. Hakuwahi kuniona nikikimbia mpaka tukamzika, isipokuwa ile asubuhi ya chai ambayo hakuna aliyethubutu kuitaja. Na hakuna mtu aliyezisimulia mbio zile vizuri kuliko yeye.